Chumba cha Michezo kwa Bei ya Bure

Jumamosi, 4 Oktoba

Tumerudi kutoka Stanmore, upande mwingine wa London. Nimeudhika. Sababu sina, na hilo linaniudhi zaidi.

Tulikwenda kwa Geofrey. Mimi na yeye tumeoa nyumba moja: yeye alimwoa Aikaeli, mkubwa, mimi nikamwoa Placida, mdogo wake. Kwa hiyo binti yangu Gladness humwita Geofrey baba mkubwa. Kila nikilisikia neno hilo najiona nimepungua kimo. Leo nimelisikia mchana kutwa.

Geofrey amejenga chumba cha michezo cha watoto. Alitufungulia mlango taratibu, kama mgeni rasmi anayezindua zahanati. Mtelezo! Bwawa la mipira! Zulia ambalo mguu unazama! Nilimwambia kimependeza, kiasi chake. Akajibu, asante mdogo wangu, mafundi wamehangaika sana. Mdogo wangu. Mimi namzidi umri! Lakini ndivyo ilivyo ukweni, mtu huhesabiwa umri wa mke wake.

Kwenye treni Gladness akatangaza kwamba sherehe yake ya kutimiza miaka sita, tarehe kumi na nane, anataka ifanyike kwa baba mkubwa. Alisema kwa Kiingereza. Kiswahili anakielewa chote, hata kile tunachonong'ona, ila tangu aanze shule hakijatoka kinywani mwake. Nikamwuliza kwa nini isiwe nyumbani. Akasema nyumbani hakuna kitu. Hakusema kwa ubaya, alikuwa anakula chipsi. Behewa zima lilisikia, na behewa zima linajua Kiingereza. Niliona aibu nikajifanya nasoma tangazo la dawa ya mafua.

Nimeapa. Sherehe itafanyika kwetu, Tottenham. Ile stoo iliyo chini ya nyumba, chini ya ardhi kabisa, nitaigeuza chumba cha michezo kitakachomfanya Geofrey aombe ramani.

Placida kasema hela hakuna. Yeye ni muuguzi, huongea kwa kifupi. Kila senti ni ya tiketi za Disemba kwenda Marangu, ambako mama yao atafanya shukrani ya kutimiza miaka themanini. Nikamwambia sihitaji hela, nahitaji akili. Akaniuliza nitaitoa wapi. Kisha akaenda kulala.


Jumapili, 5 Oktoba

Nimeshuka kukagua. Taabu.

Mtanzania wa London akiwa na stoo, hiyo ni stoo ya ukoo mzima. Imejaa mizigo ya watu inayosubiri kontena la kwenda Tanzania: friji, magodoro, televisheni, pikipiki isiyo na magurudumu. Na mabegi mawili makubwa ya shemeji Aikaeli, yale ya mistari tunayoyaita shangazi kaja. Aikaeli ana nyumba ya vyumba vitano, lakini shangazi kaja hakai Stanmore. Anashushwa kwetu.

Nimesukumia vyote pembeni. Mgongo umelia. Pembeni pamekuwa padogo sana, lakini katikati pamekuwa uwanja.

Mchana alipita mwenye nyumba, Mzee Gurdial. Ni Singasinga mzaliwa wa Moshi, baba yake alikuwa na gereji pale, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Nikamweleza nia yangu. Akasema hana kinyongo, mtoto ni mtoto, nipake rangi nitakavyo. Ila ukuta wa upande wa barabarani una unyevu. Usifunikwe na kitu chochote. Uachwe upumue.

Nilimjibu naam. Mara mbili. Kwa hiyo hawezi kusema sikumsikiliza.


Jumanne, 7 Oktoba

Siri ya London ni hii: watu hapa hutupa vitu vizima. Unavikuta nje ya geti vimekaa kama vinasubiri basi. Nimeomba ruhusa kazini, nimesema naumwa jino.

Nimeokota mtelezo! Wa plastiki, mwekundu, umepungukiwa ngazi moja tu, ile ya chini. Dereva wa basi alikataa kuupakia. Nikaona isiwe taabu, nikajitwika kichwani. Mitaa minne hakuna aliyenitazama. Wa tano nikakutana na Mama Armelle wa kwaya ya kanisani kwetu.

Alinitazama muda mrefu. Akauliza kama kazini kumekuwa na tatizo. Nikasema hapana, nafanya mazoezi. Akasema Mungu ni mwaminifu. Akanishika bega akaenda zake.

Jioni mlango uligongwa. Kwaya! Walileta gunia la mchele, mafuta ya kupikia na sala. Placida alisimama mlangoni na sare zake za hospitali hajui kinachoendelea, huku wanamwombea apate nguvu za kumvumilia mumewe katika kipindi hiki. Mimi nilikuwa chini, nyuma ya friji ya mtu.

Aibu. Aibu tupu. Placida hajanisemesha. Mchele lakini ni mzuri, tumeupika.


Ijumaa, 10 Oktoba

Ukuta wa barabarani umekataa rangi. Napaka, inateremka. Napaka tena, inateremka na ile ya kwanza. Hadi saa sita mchana rangi yote ilikuwa sakafuni na ukuta ulikuwa vilevile, unatoka jasho. Rangi imekwisha, sherehe ni wiki ijayo, na pale ukutani pana doa linalofanana na jitu lililokasirika. Mtoto gani atacheza mbele ya jitu?

Nilikaa juu ya shangazi kaja kutafakari. Nikahisi ni laini. Nikafungua kidogo tu, nione.

Vitenge! Begi zima! Buluu iliyokolea, ndege wa njano. Sijapata kuona kitambaa kizuri namna ile. Mara moja nikaelewa: Aikaeli anapeleka Marangu kuuza. Mchagga hasafirishi kitu bila faida, hata likizo yake ina risiti. Na mfanyabiashara yeyote hutenga bidhaa kidogo kwa ajili ya hasara. Mimi nitakuwa ile hasara. Hata hatagundua.

Nikachukua vichache nikavipigilia ukutani kwa stepla. Jitu likatoweka! Vichache havikufika mwisho, nikaongeza. Nikakata vingine vya mito ya kukalia. Katika begi la pili, chini kabisa, palikuwa na gauni lililoshonwa tayari, limefungwa kwenye karatasi laini. La sampuli, bila shaka, la kuonyesha wateja, maana lilikuwa pana kiasi kwamba hakuna binadamu wa kawaida wa kulivaa. Nikapitisha mpini wa ufagio kwenye shingo, nikatandaza pindo kwa mduara. Hema! Hema la watoto wanne wakibanana! Mikono nilikata, nikaitundika ukutani iwe mifuko ya kuwekea wanasesere.

Nilikaa ndani ya hema dakika kadhaa. Palikuwa na harufu nzuri ya marashi. Sisi watu wa Bukoba tunasingiziwa kujisifu. Uzushi. Ni kwamba tuna mambo mengi ya kusifiwa.


Jumamosi, 11 Oktoba

Nimemshusha Gladness amefumba macho.

Alipofumbua alikwenda moja kwa moja. Aligusa ukuta. Akapanda mtelezo kwa kuruka pale pasipo na ngazi, akateleza, akaingia hemani akapotea. Nikasikia anacheka mle peke yake. Kisha akatoa kichwa akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba sherehe ifanyike hapa na kwamba baba mkubwa hana hema.

Baba mkubwa hana hema! Nimelirudia moyoni siku nzima. Nimelirudia hata bafuni.

Placida alishuka akazunguka. Akauliza vitambaa nimetoa wapi. Nikasema sokoni, kwa mtu anayefunga duka, kwa bei ya bure. Akasema ni vizuri mno kwa bei ya bure. Akashika kimoja, akanitazama, akatabasamu. Hajanitazama vile tangu nilipoharibu mashine ya kufulia. Nilitaka kuusahihisha uongo. Nikauacha.

Gladness ameandika kadi za mwaliko mwenyewe, ameketi hemani, na amechora hema kwenye kila kadi. Ameshagawa zote mtaani.


Jumatatu, 13 Oktoba

Nimekwisha.

Nilikuwa kazini, nakula. Picha ikaingia kwenye kundi la familia. Kutoka kwa Aikaeli. Picha ya kitambaa. Buluu. Ndege wa njano.

Ameandika kwamba muda umefika wa kufichua siri. Hiyo ndiyo sare ya shukrani ya Mama, ukoo mzima utavaa, amekiagiza maalumu na kiwanda hakitengenezi tena. Vitambaa viko salama kwa Baba Gladness, Alhamisi atakuja kuvichukua vipakiwe kwenye kontena. Chini yake picha nyingine. Gauni. Limeshonwa na fundi mashuhuri, akaandika, kwa vipimo vya Mama mwenyewe. Mama hajaliona.

Mama mkwe si binadamu wa kawaida. Ni mama mkwe.

Kwetu Bukoba mkwe hukalii kiti chake. Ukikutana naye njiani unampisha, unainama. Mimi nimepitisha ufagio kwenye shingo ya gauni lake. Nimekata mikono yake, yaani ya gauni. Nimekaa ndani! Chakula kilinishinda. Nilikwenda chooni nikasimama tu, nikitazama vigae.

Placida alirudi nyumbani akiwa ameshaona picha. Hakuvua koti. Alishuka stoo, akakaa huko, akapanda. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu jinsi picha za simu zinavyopotosha rangi. Hakunipa nafasi.

"Utawaambia wewe mwenyewe," alisema. "Mimi dada yangu sitamdanganya, na mama yangu sitamwangalia usoni kwa ajili yako."

Akala mchele wa kwaya akiwa amesimama. Mimi sikuwekewa.


Jumanne, 14 Oktoba

Nimetoa vitambaa ukutani. Kwa mbele ni buluu. Kwa nyuma ni vyeusi, ukungu mtupu, na vimetoboka kila mahali kwa stepla. Nilivifua. Ndege wa njano wamekuwa wa kijani na buluu imehamia kwenye mashuka yetu.

Hema sikulitoa. Nilishuka kwa nia ya kulitoa. Gladness alikuwa ndani anawapanga wanasesere mahali watakapokaa wageni, akaniuliza kama marafiki zake wanaweza kuvua viatu kabla ya kuingia ili lisichafuke. Nikasema wazo zuri. Nikarudi juu.

Mzee Gurdial alikuja kuangalia ukuta. Nilidhani atafoka. Aliona vitambaa vimeanikwa jikoni, aliona uso wangu, akavuta kiti. Nikamwambia yote. Akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kilemba. Halafu akanipa habari ambayo sikuwahi kuijua pamoja na miaka yote niliyooa huko.

Wachagga, kasema, wana jani linaitwa sale. Ukimkosea mtu kosa zito unampelekea sale kwa mkono wa mtu mwingine, na akilipokea hawezi kukataa kukusamehe. Baba yake Gurdial aliwahi kumgonga ng'ombe wa jirani kwa lori. Wakapeleka sale. Jirani alilia, akasamehe, wakala pamoja.

Hawezi kukataa! Nilimwuliza mara tatu. Hata kosa likiwa kubwa? Hata. Hata la gauni? Akasema inategemea na moyo wa anayeomba, lakini sehemu hiyo sikuisikiliza sana. Wachagga wamekaa na kitu kama hiki na hakuna aliyeniambia!

Mzee amekubali kuwa mpelekaji. Kasema mke wake analo sale kwenye chungu, analitunza miaka. Ila hakati jani mpaka mkosaji aende mwenyewe, aketi mbele yake, amweleze kosa lote toka mwanzo. Nikasema nitakwenda.


Jumatano, 15 Oktoba

Sikwenda.

Nilifika hadi kituo cha basi. Nikajisikia nikianza kumsimulia mke wa mzee. Mama, nilichukua ufagio. Nikageuka.

Badala yake nimepita maduka ya mimea. Sale wanaliuza kweli, kama pambo la ofisini, lakini bei yake ni ya kuombea msamaha wa mauaji. Kisha, kwenye duka la vitu vya rahisi, nikaliona. Jani refu, la kijani, linang'aa. La plastiki. Ukilitazama kwa mbali huoni tofauti. Ukilitazama kwa karibu unaona kwamba ni zuri zaidi! Halina tundu. Halinyauki. Msamaha wake nao hautanyauka.

Nimelifunga kwenye kitambaa cha mezani, ncha tu inachungulia. Placida kaniuliza kama nilikwenda kwa mke wa Gurdial. Nimesema mama kanipokea vizuri sana.


Alhamisi, 16 Oktoba

Naandika nikiwa jikoni, peke yangu.

Walikuja jioni, Aikaeli na Geofrey, na gari la kukodi la kubebea mabegi. Mama mkwe alikuwa kwenye simu ya video kutoka Marangu, Aikaeli amemshika mkononi ili ashuhudie sare zake zikianza safari. Mzee Gurdial alikuwa ameshafika, kavaa koti la harusi; jani nilimkabidhi mlangoni, nikamwambia mke wake alinikatia jana yeye akiwa nje. Alisimama katikati ya sebule, akasalimia kwa Kichagga, akasema katumwa na mtu aliyekosa. Akalitoa jani likiwa ndani ya kitambaa chake.

Aikaeli aliona ncha, akaziba mdomo. Alisema tangu aje nchi hii hajawahi kuletewa sale. Na kaletewa na mtu wa Bukoba! Machozi yakamtoka. Akamgeuzia Mama simu aone. Mama akasema, polepole, kwamba lolote mkwe wake alilofanya limekwisha, hahitaji hata kuliuliza. Geofrey akanipa mkono. Nilikuwa huru! Nikafungua soda.

Aikaeli akaomba glasi ya maji, sale lisinyauke. Akalitumbukiza.

Likaelea.

Akalizamisha kwa kidole. Likarudi juu, na kikaratasi kilichokunjwa kwenye shina kikajifungua. Geofrey alivaa miwani. Akasoma kwa sauti kwamba lioshwe kwa maji ya uvuguvugu na liwekwe mbali na moto. Hakuna aliyecheka. Mzee Gurdial aliketi chini bila kutafuta kiti, bahati nzuri kilikuwepo. Nilimwaibisha na yeye, mtu aliyevaa koti la harusi kwa ajili yangu.

Mama akaomba aonyeshwe kosa. Tukashuka wote.

Mwanga wa simu ulipita kwenye ukuta mweusi, ukapita kwenye mikono iliyotundikwa, ukafika kwenye hema. Mpini wa ufagio ulikuwa umechomoza shingoni. Nilimwona Mama kwenye kioo kidogo, amevaa kitenge chake cha kila siku, anasogeza uso ili aone vizuri.

"Baba Gladness," alisema, "jani lako halijawahi kuwa hai. Sasa mimi nikusamehe kwa kitu gani?"

Mimi, mtu wa maelezo, nilitazama viatu vyangu, na viatu navyo vilikuwa na rangi ya ukuta.

Ndipo Gladness akatoka hemani. Tulisahau kwamba alikuwemo. Alikuwa amesikia kila neno na, kama nilivyosema, anaelewa kila neno. Aliuchomoa ufagio mwenyewe. Akalikunja gauni kama mtoto anavyokunja, yaani aliliviringisha, akalikumbatia. Akamsogelea Aikaeli akaitazama simu.

"Bibi, samahani," alisema, kwa Kiswahili. "Baba alitaka nibaki nyumbani."

Sikujua kwamba alikuwa anajua. Nilidhani anadhani ni hema tu.

Mama alijifuta macho. Kasema amesamehe, kwa ajili ya mtoto, na kile kitu kilichomo kwenye glasi kitupwe. Aikaeli alipanda ngazi bila kuniaga. Placida akatangaza sebuleni kwamba hela ya tiketi yangu ya Disemba itanunua vitambaa vingine na kumlipa fundi. Hakuna aliyepinga. Hata mimi sikupinga. Na Mzee Gurdial kasema ukuta una ukungu, hakuna mtoto wa mtu atakayecheza stoo mpaka ukauke. Hasemi kwa hasira. Hasemi kabisa, aliniandikia ujumbe.

Sherehe imehamia Stanmore. Gladness alizunguka mtaani na mama yake kuwaambia marafiki. Hakulia. Heri angelia.


Jumamosi, 18 Oktoba

Stanmore. Sikutaka kwenda. Placida kasema nitakwenda.

Geofrey alinitendea wema kutwa nzima, jambo lililonimaliza. Aliwaambia wageni kwamba keki nimechagua mimi. Sikuichagua. Alinipa kazi ya kupanga viatu vya watoto mlangoni. Nikaipenda, kwa sababu unainama na hakuna anayeona uso wako.

Ukafika wakati wa kulishana keki. Aikaeli aliita wazazi wasogee mbele. Gladness akamlisha mama yake. Kisha akasimama na uma, mimi kushoto, Geofrey kulia, na watoto wote wanamwimbia alishe baba. Alinitazama. Nilitaka kumwambia alishe tu baba mkubwa, itaeleweka, sitakasirika.

Akanilisha mimi. Kipande kidogo sana, karibu chote kilikuwa sukari ya juu. Nilitafuna muda mrefu ili nisilazimike kuongea. Sistahili mtoto huyu. Naandika hapa ili nisije nikasema sikujua.

Mzee Gurdial alikuja jioni, amekaribishwa na Aikaeli. Wamekuwa marafiki, wanazungumzia Moshi. Alinipa chungu chenye sale, sale hai, limesimama wima. Mke wake kanitumia. Hakudai nimweleze kosa langu, kwa kuwa habari ilikuwa imeshamfikia kwa njia tatu tofauti. Kasema nilitunze, linifundishe. Nilipokea kwa mikono miwili. Nilishindwa kumtazama.

Nimebadilika. Ninahisi kabisa. Mimi ni mtu mwingine.


Jumapili, 19 Oktoba

Geofrey kapiga simu asubuhi. Kwa kuwa Disemba wao wote wanasafiri na mimi nabaki, anaomba nimshikie ufunguo wa nyumba. Kazi ndogo tu, kupita mara moja moja, kuangalia mabomba ya maji yasigande kwa baridi. Kasema kila mtu hukosea na yeye ananiamini. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nilimwambia asante kaka, na neno kaka lilitoka lenyewe, kwa moyo wote.

Nyumba ile. Tupu. Disemba nzima.

Nimefikiria kwa wema tu. Chumba cha michezo kitakaa bila mtu wa kukichezea, na inajulikana kwamba kitu kisichotumika huharibika. Mipira hulala upande mmoja. Zulia hushika vumbi. Na kwaya ya Mama Armelle ina watoto wengi ajabu, Disemba mvua hainyamazi, wazazi wanatafuta pa kufanyia sherehe na wangetoa chochote kidogo. Wikiendi mbili tatu tu, nimepata tiketi! Natokea Marangu bila taarifa, nimevaa sare, namwinamia Mama mbele ya ukoo mzima. Gladness ataniona anikimbilie. Yote hayo kwa ajili ya mtoto.

Geofrey sitamwambia. Mtu akiwa likizo hasumbuliwi.

Na kama kutatokea hasara yoyote, sijakaa mikono mitupu kama mwanzo. Sale nimelihamishia dirishani, penye jua. Nimelimwagilia. Mzee alisema likitunzwa vizuri haliachi kuchipua, na kweli, pembeni ya shina nimeona jani jipya linajitokeza.